Podo la kwenye upinde linanipeleka mishale kulia, nibadilishe la mgongoni au la kiunoni?

#1 Mwana wa Mlalo
Wakuu salaam. Niko Minnesota, huu mwaka wa pili nawinda kulungu wa mkia mweupe kwa upinde. Mwaka jana jirani aliniazima kila kitu, mwaka huu nimejikaza nikanunua upinde wangu wa puli, nimeuweka paundi 60 za kuvuta, pamoja na podo la mishale mitano lile linalofungwa ubavuni mwa upinde. Shida ni hii: nikipiga bila podo, yadi 30, mishale yote inakaa ndani ya sahani ya chai. Nikifunga podo likiwa limejaa inahamia kulia inchi tatu, saa nyingine nne. Nimerudia siku mbili majibu yaleyale. Msimu huku unafunguliwa katikati ya Septemba na sitaki kumjeruhi mnyama akaenda kufia porini nisimpate. Kuna wanaoniambia nitupe hili ninunue la mgongoni, wengine la kiunoni. Nyie mnachagua podo kwa kuangalia nini hasa?

#2 Chura wa Kisima
Nimekaa mkao wa kula, nasubiri wajuzi.

#3 Mzee wa Dungu
Mkuu karibu kwenye chama. Mimi niko Wisconsin mwaka wa kumi na moja kwenye haya mambo. Usitupe chochote kwanza.

Piga hesabu uone. Mshale mmoja wa kuwindia na chembe yake, ile ncha ya chuma, unacheza kwenye greini 425, yaani gramu 27 na kitu. Mitano ni kama gramu 140, hapo hujaweka podo lenyewe ambalo mengi yanafika gramu 300 na zaidi. Kwa hiyo umening'iniza karibu nusu kilo upande mmoja wa kitu ambacho chote kina kilo mbili hivi. Wewe ni wa mkono wa kulia, podo linakaa kulia, upinde unalala kulia bila wewe kujua. Upinde ukilala kulia mshale unakwenda kulia na unashuka kidogo. Angalia ile pimamaji ndogo kwenye kilengeo chako, kama povu halipo katikati umeshapata jibu.

Mimi nafanya hivi: natembea nalo likiwa kwenye upinde, nikishapanda kwenye dungu nalivua, naliningʼiniza kwenye ndoano usawa wa paja mkono wa kulia. Napiga na upinde mtupu kama nilivyofanya mazoezi.

#4 Baridi Calgary
Nampinga mzee hapo mwisho kwa heshima zote. Dungu ni lako wewe unayekaa juu ya mti. Sisi huku Alberta tunamfuata mnyama kwa miguu kwenye nyasi na mabonde, hakuna mti wa kuningʼinizia kitu. Ukivua podo utaliacha wapi? Nilishaliacha chini kwenye nyasi nikanyatia mita mia mbili, nikakosa mshale wa kwanza, wa pili uko mita mia mbili nyuma yangu. Nilirudi kulitafuta zaidi ya saa nzima. Tangu siku hiyo podo haliondoki kwenye upinde na mazoezi yangu yote nafanya likiwa limefungwa na limejaa. Utakavyowinda ndivyo ufanye mazoezi, na kilengeo ukipange hivyohivyo.

#5 KituiKwetu
Hapo kwa mazoezi niko na #4. Lakini wacha niseme ya nyumbani. Kwetu Ukambani tunaiita thyaka. Babu yangu alikuwa nayo ya ngozi ya ng'ombe, mviringo kama bomba, iko na kifuniko cha ngozi juu na mkanda wa kuvaa begani. Chembe zinaingia chini, manyoya juu. Na hakuwa anaibeba mgongoni katikati vile watu huonyesha kwa sinema, ilikuwa inalala chini ya kwapa la kushoto, mdomo ukiangalia mbele, kwa hivyo mkono wa kulia unavuka tu kifua kidogo unachukua mshale. Mkono hauendi juu ya bega hata mara moja. Nilimuuliza kwa nini akasema mnyama haoni mtu, anaona kitu kinachosonga. Sasa wewe ukiinua kiwiko juu ya kichwa mbele ya kulungu si umempungia mkono?

#6 Bint Kisauni
Hiyo ya chini ya kwapa nimeipenda sana kaka.

#7 Mgiriama Asili
Kitui umenikumbusha mbali. Huku kwetu nyuma ya Malindi kuelekea Galana, mabingwa walikuwa Waata, wale ambao vitabu vya zamani vinawaita Waliangulu. Pinde zao zilikuwa nzito kupita kiasi, zilizopimwa zimevuka paundi 100, na walikuwa wakipiga tembo. Podo kwao halikuwa la kubebea tu, lilikuwa la kulinda sumu na kumlinda mwenye mshale. Chembe yenye sumu inazungushiwa utepe mwembamba wa ngozi, haitolewi mpaka saa ya kupiga, kwanza sumu isikauke ikapoteza nguvu, pili ukijikwaa ukajichoma ndio umekufa. Mtu wa hivyo halali usiku podo likiwa karibu na watoto.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa podo lolote, la kale au la dukani, ni chembe inafunikwaje. Mkuu wa #1 umetuambia inchi tatu kulia lakini hujatuambia kofia ya podo lako ikoje.

#8 Chura wa Kisima
Wakuu samahani, hiyo sumu bado inatumika huko Minnesota?

#9 Mzee wa Dungu
Hapana, ni marufuku kabisa, chembe ya sumu au ya kulipuka haikubaliwi. Sheria ya Minnesota inataka upinde usiopungua paundi 30 na chembe ya makali yasiyopungua mawili yenye upana wa angalau inchi 7/8. Kinachoua huku ni makali na mahali ulipopiga. Na huyo aliyeko Kenya asisome uzi huu akatoka na upinde, uwindaji kule ulipigwa marufuku 1977.

#10 Mbongo Leicester
Na Uingereza nako usijaribu. Kuua mnyama pori kwa upinde ni kosa tangu sheria ya 1981. Sisi huku tunapiga wanyama wa sponji tu, wanapangwa msituni unatembea kituo hadi kituo. Mimi natumia podo la kiunoni na kwa kazi hiyo ni tamu ajabu, mkono unashuka wenyewe. Mkuu chukua la kiunoni.

#11 Baridi Calgary
Mbongo, sponji haikimbii na njia yenu imefyekwa. Ingia na podo la kiunoni kwenye vichaka vya mierebi uone. Kila tawi linakushika mishale, ukichuchumaa inagonga chini, ukitambaa ndio unaisukuma mbele yako kama jembe. Na mengi ya kiunoni yametengenezwa kwa mishale ya mazoezi, hayana kofia. Chembe za kuwindia zikiwa wazi karibu na paja lako ni hatari, kuna mshipa mkubwa pale.

#12 Mbongo Leicester
Hapo nimekuelewa, sikuwaza chembe. Nafuta kauli kwa upande wa porini.

#13 FundiNgozi Moro
Habari za jioni wadau. Mimi siwindi ila nashona ngozi, mikoba, viatu, ala za visu, na nimeshashona podo kadhaa za wageni na vikundi vya ngoma, mbili tatu zilienda kwa watu wanaopiga kweli. Niseme nilichojifunza kwa kukosea.

La kwanza nilishona ngozi ngumu, nene milimita nne, limesimama kama mtungi. Zuri kwa macho. Mteja akarudi siku ya tatu, akitembea mishale inagongana kama vijiko ndani ya kikombe. La pili nikalishona kwa ngozi laini, refu, pana, halisimami lenyewe. Hilo likivaliwa linajikunja mgongoni na kuibana mishale, kelele ikapungua sana. Baadaye ndio nikaja kusoma kwamba Howard Hill, yule mpiga mishale maarufu wa Marekani, alikuwa anatumia la namna hiyohiyo, laini la kubana.

Chini ndani weka manyoya ya kondoo au nyasi kavu iliyoshindiliwa, kina cha vidole vinne. Hiyo inashika chembe zisicheze. Lakini kagua kila baada ya mvua, ngozi ikilowa inakaa na unyevu siku nyingi na chembe za chuma zinashika kutu humohumo gizani bila wewe kujua.

#14 Mwl. Sarufi
Niwapongeze kwa kutumia neno podo. Nimeona wengine humu wanasema "podo yangu" wengine "podo langu". Ni podo langu, wingi mapodo. Ushahidi uko kwenye Zaburi ya 127 ya Biblia ya Kiswahili, "aliyelijaza podo", hiyo li- haidanganyi. Lipo na neno jingine la zamani, ziaka, na ukilitazama pamoja na thyaka ya KituiKwetu na thiaka ya Wakikuyu utaona ni ndugu wa damu. Watu wa pwani na wa bara walikuwa na kitu kimoja na jina moja.

#15 KituiKwetu
Asante mwalimu. Na mshale mwili wake mnaitaje, ule mti?

#16 Mwl. Sarufi
Wano. Kamba ya upinde ni upote. Na chembe au kigumba ndiyo ncha ya chuma.

#17 Mwana wa Mlalo
Wakuu nashukuru mno, nimesoma yote. Nijibu: kofia ya podo langu ndani ina sponji, chembe zinachomwa humo. Povu la pimamaji jana nililiangalia, liko katikati, kwa hiyo Mzee wa Dungu sidhani ni kulala. Lakini kuna kitu #7 ameniamsha. Nikipiga bila podo nilikuwa natumia ncha za mazoezi zile za mviringo. Nikifunga podo nilikuwa nachomoa humohumo, zenye chembe za kuwindia. Yaani nilibadili vitu viwili kwa wakati mmoja.

#18 Baridi Calgary
Mkuuu! Hilo ndilo lilitakiwa kuwa mstari wa kwanza wa uzi.

#19 Mzee wa Dungu
Haya, sasa mambo yamebadilika. Chembe ya kuwindia ina mabawa mbele, na manyoya yako nyuma. Kama upinde haujanyooshwa vizuri mshale unatoka umekaa upandeupande kidogo, ncha ya mviringo inasamehe, manyoya yanaurudisha kwenye mstari. Chembe yenye mabawa haisamehi, inashika hewa na kuuvuta mshale upande wake. Inchi tatu kwa yadi 30 ni dalili ya hiyo kabisa. Podo linaweza kuwa halina kosa lolote. Sogeza kile kipumziko cha mshale kidogo kidogo, unywele kwa unywele, mpaka aina zote mbili za ncha ziingie mahali pamoja.

#20 Mgiriama Asili
Mzee lakini hapo juu ulituapia ni uzito.

#21 Mzee wa Dungu
Nilisema nilichoambiwa. Mgonjwa akificha dalili daktari afanyeje. Na uzito sijaufuta, nasema tu sasa wako washukiwa wawili.

#22 Kipanga wa Iringa
Watatu. Mimi niko Texas, huku upepo haulali. Podo lililojaa lina manyoya kumi na tano yamesimama upande mmoja wa upinde, hiyo ni tanga ya ngalawa. Upepo ukija toka kushoto unausukuma upinde mzima wakati umevuta, povu liko katikati sawa lakini mkono unayumba. Mkuu siku hizo mbili ulizopiga na podo kulikuwa na upepo?

#23 Mwana wa Mlalo
Siku moja ulikuwepo, ya pili sikumbuki.

#24 Mama Wawili Ohio
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi mwanamke na nawinda na mume wangu, navuta paundi 42, sasa niwaambie kitu ambacho wanaume wa paundi 60 na 70 hamkisikii. Upinde wangu mwepesi, hivyo podo lilelile ambalo kwenu ni robo ya uzito kwangu ni zaidi. Nilipolifunga sikuona povu likihama kwa sababu nilikuwa nalirudisha katikati kwa nguvu ya kifundo cha mkono. Povu liko sawa lakini mkono umenyongwa! Na ukikamata mpini kwa kunyonga mshale unaondoka pembeni. Mwalimu wangu wa klabu alinisimamia nyuma akaniambia legeza vidole, upinde ukapinduka kulia wenyewe, hapo ndio nikajua nilikuwa napigana nao muda wote.

Dawa yangu ilikuwa mbili. Nilinunua podo la mishale mitatu badala ya mitano, linalokaa karibu kabisa na mpini, halijachomoza nje. Halafu nikaweka ile fimbo ya mizani upande wa kushoto kidogo kusawazisha. Mishale mitatu inatosha, sijawahi kuhitaji wa tatu kwa mnyama mmoja.

#25 Bint Kisauni
Dada nimefurahi kukuona humu, nilidhani niko peke yangu. Mimi naishi Columbus. Nina langu la kuongeza na linahusu podo moja kwa moja, mtanivumilia nikienda kwenye dini kidogo.

Kwetu Waislamu nyama ya mshale ni halali kwa masharti, unataja jina la Mwenyezi Mungu wakati unaachia, na mshale uwe umetoboa. Ipo hadithi inayojulikana ya Adi bin Hatim alipomuuliza Mtume kuhusu mi'radh, aina ya mshale wa mti, akajibiwa ukimpata kwa ncha yake ule, ukimpata kwa ubavu wake usile maana huyo amekufa kwa kupigwa. Sasa wengi wetu tunabeba mshale mmoja wa butu kwa sungura na kuchakuro, ule wenye kichwa cha mpira au chuma kisicho na makali. Umekaa kwenye podo moja na wengine wanne. Alfajiri giza, mikono imeganda, unachomoa bila kuangalia. Mimi ilinitokea, nikampiga sungura kwa butu, akafa palepale kabla ya kumfikia na kisu, sikumla. Nilimpa jirani mwenye mbwa.

Kwa hiyo podo langu nachagua lenye nafasi zilizoachana wazi, na butu hukaa nafasi ya mwisho chini daima, na noki yake, kile kitako cha nyuma kinachokaa kwenye upote, rangi tofauti na nyingine zote.

#26 KituiKwetu
Hii ndio sababu nasoma hii forum. Babu pia alikuwa anaweka wa ndege peke yake, aliufunga uzi mwekundu kwa manyoya.

#27 Mtembezi wa Eyasi
Nimechelewa uzi mzuri. Wote mnabishana podo lipi, mimi niwaulize, mna hakika linahitajika? Nimekaa Mang'ola miaka mitatu kikazi na nimetembea na Wahadzabe porini zaidi ya mara moja. Hawa wanaishi kwa upinde. Wale niliotembea nao hakuna aliyekuwa na podo, mishale wameishika mkononi palepale pamoja na upinde, mkono wa kushoto, minne, mitano, sita. Yenye sumu imezungushiwa ngozi kwenye ncha kama alivyosema Mgiriama kwa Waata. Ya mti mtupu ya ndege na pimbi iko wazi. Wanakimbia nayo, wanapanda mawe nayo, na mkono wa kulia unachukua mshale bila jicho kuondoka kwa mnyama. Hakuna kelele kwa sababu vidole vinaibana. Sijaona podo la dukani linaloshinda vidole.

#28 Baridi Calgary
Mkuu heshima kwao, lakini mshale wao ni mrefu, ncha nyembamba na wameanza wakiwa watoto wa miaka mitatu. Mimi nikishika mkononi chembe tano zenye makali ya wembe halafu niteleze kwenye barafu nitapoteza vidole.

#29 Mtembezi wa Eyasi
Hilo kweli. Ila ona mantiki yake: mshale uko karibu na upote, mkono unatembea shubiri moja. Podo la kwenye upinde mnalobishania ndio wazo lilelile, limewekewa vibanio vya mpira badala ya vidole.

#30 Mwl. Sarufi
Na ukirudi nyuma zaidi, yule mtu wa barafu aliyepatikana mwaka 1991 kwenye milima ya Alpi mpakani mwa Italia na Austria, wa miaka zaidi ya 5,000, alikuwa na podo. Ndani mishale 14, miwili tu ndiyo imekamilika. Lilikuwa la ngozi ya mbuzi wa mlimani.

#31 FundiNgozi Moro
Mwalimu nikusahihishe kidogo kwa vile ngozi ndio eneo langu. Mwanzoni walisema mbuzi wa mlimani, lakini mwaka 2016 walipima vinasaba vya nguo zake wakakuta podo ni ngozi ya paa wa kule Ulaya, yule mdogo wa msituni. Na kilichonivutia mimi ni kile kijiti cha mti walichokitia kwenye ubavu wa podo kulisimamisha. Maana yake shida ya laini na ngumu niliyoisema pale #13 mtu alishakutana nayo miaka elfu tano iliyopita, akachagua ngozi laini yenye uti wa mgongo mmoja. Nimeanza kushona hivyo na mimi.

#32 Mwl. Sarufi
Nimesahihishwa, asante fundi.

#33 Kipanga wa Iringa
Fundi unauzaje hilo lenye kijiti?

#34 FundiNgozi Moro
Nitumie ujumbe pembeni mkuu, tusiharibu uzi wa watu.

#35 Mama Wawili Ohio
Mwana wa Mlalo, rudi utuambie na unene wa mishale yako. Kuna jambo limesahaulika. Vile vibanio vya mpira vimekatwa kwa wano wa kawaida, wenye tundu la ndani la milimita sita na kidogo. Siku hizi watu wananunua membamba ya milimita nne, inacheza ndani ya kibanio, ukiachia upote inalia trrr. Kulungu anasikia na anachuchumaa kabla mshale haujafika, mshale unapita juu ya mgongo.

#36 Mwana wa Mlalo
Dada ni ya milimita nne kweli, muuzaji hakuniambia kitu. Na ule mlio nilikuwa nasikia, nikadhani ni upinde wenyewe.

#37 Mama Wawili Ohio
Basi badili vibanio tu, vinauzwa peke yake. Au zungushia utepe wa kitambaa pale mshale unapobanwa. Na kama chembe zako ni zile zinazofunguka zikigonga, usizichome kwenye sponji, zinafungukia humo. Tafuta kofia ya mpira yenye matundu.

#38 Mzee wa Dungu
Zangu ni za kutulia, zisizofunguka, kwa sababu hiyohiyo.

#39 Mgiriama Asili
Mkishapata huyo kulungu mtuambie mnapikaje, maana nasikia mafuta yake yanaganda mdomoni.

#40 Bint Kisauni
Toa mafuta yote meupe usibakize hata kidogo, yanaganda kweli kama mshumaa. Paja fanya mishkaki, loweka kwa tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi, papai lisizidi saa moja nyama isije ikawa uji. Shingo na mbavu ni za pilau, chemsha kwanza polepole.

#41 Chura wa Kisima
Sasa uzi umefika mahali pangu.

#42 Mwana wa Mlalo
Wakuu nimerudi na majibu ya Jumamosi. Nimepiga asubuhi na mapema, hakuna upepo, majani hayatikisiki. Nimetumia ncha za mazoezi tupu kote ili nisichanganye kama mara ya kwanza. Kila raundi mishale sita.

Bila podo: katikati. Podo tupu bila mishale: katikati. Podo na mishale mitano, nimekamata mpini kama kawaida yangu: kulia inchi moja, karibu moja na nusu. Podo na mishale mitano, nimelegeza vidole kama alivyosema dada wa Ohio: raundi ya kwanza katikati, raundi ya pili kulia inchi moja tena. Halafu nikaweka chembe za kuwindia bila podo kabisa: kulia inchi mbili.

#43 Mzee wa Dungu
Si umeona. Inchi mbili za chembe, inchi moja ya podo, jumla tatu. Nyoosha upinde kwanza, hayo mengine madogo.

#44 Mama Wawili Ohio
Sio lazima zijumlishwe hivyo mzee. Kama ananyonga mpini, kunyonga kulekule ndiko kunakoifanya chembe ivute kulia. Inaweza kuwa kosa moja linaonekana mara mbili. Raundi yake ya kwanza ya kulegeza iliingia katikati, ya pili mkono ulishachoka.

#45 Kipanga wa Iringa
Na mimi bado nauliza siku ya upepo ingekuwaje.

#46 Baridi Calgary
Inchi moja kwa yadi 30 kwa mtu wa mwaka wa pili hata sio podo, ni binadamu. Piga raundi ishirini za mishale sita ndio utajua. Kama utakaa kwenye dungu na mnyama atapita yadi 20, livue uwinde. Kama utatembea, liache na upange kilengeo nalo.

#47 Mwana wa Mlalo
Mwaka huu ni dungu, jirani amenipa mti wake ukingoni mwa shamba la mahindi. Kwa hiyo nalivua nikishafika juu, nimeshakaza ndoano usawa wa paja mkono wa kulia. Vibanio vya milimita nne nimeagiza. Kipumziko nimeanza kukisogeza, chembe zimebaki inchi moja nje. Nikishindwa mpaka Ijumaa nakwenda na mnyama wa yadi 20 kurudi chini tu, wa mbali namwacha apite.

#48 Mzee wa Dungu
Upinde uuvute juu kwa kamba ukishajifunga mkanda, usipande nao mkononi. Na usiuvute ukiwa na mshale kwenye upote.

#49 Bint Kisauni
Na wa butu umeuweka wapi?

#50 Mwana wa Mlalo
Wa mwisho chini, noki ya njano.